Wavu Juu ya Zizi la Kobe

Martini alinipigia simu asubuhi moja nikiwa napepeta maharage uani kwangu hapa Masieda. "Dada, shikamoo," akasema, akanyamaza kidogo, kisha, "Mzee amepumzika." Sikuuliza mzee yupi. Ni baba yake, ambaye mimi nilimwita Baba mdogo kwa kuwa alimwoa mdogo wake mama yangu: dereva wa trekta wa Basotu, mtu mwenye mikono mikubwa aliyewahi kulia kwa sababu ya kobe. Niliacha maharage kwenye ungo, nikaingia ndani, nikafungua sanduku la bati, na kabla sijachukua hata kitenge cha msibani nilichukua daftari langu la zamani, lile lenye jalada la bluu lililoliwa na panya pembeni. Nilijiambia sijui kwa nini nalibeba. Lakini nilijua. Ndani yake kuna ukurasa mmoja wenye uongo. Niliuandika mimi nikiwa na miaka kumi na minane, unamhusu msichana aliyeitwa Udaweda, na nilikuwa na hofu, au niseme matumaini, sijui lipi ni la kweli zaidi, kwamba nitamkuta kwenye mazishi.

Mimi si mtu wa vitabu. Nilimaliza darasa la saba, na mwalimu wetu alinipa daftari lile kama zawadi kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, si kwa sababu nilikuwa na akili kuliko wenzangu. Tangu hapo nimeandika andika, kila mwaka kidogo. Kwa hiyo anayesoma hapa ajue: nitasema ninachokumbuka, na pale daftari linaponikatalia nitasema limenikatalia. Hata hivyo nimejifunza kwamba daftari nalo si shahidi wa kuaminika. Linasema lile ambalo mwandishi wake alikuwa na moyo wa kulisema siku ile.

Nilikwenda Basotu mwaka Martini alipozaliwa, nimsaidie Mama mdogo kulea. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi na bati, vyumba viwili na sebule, jiko likiwa nje. Chumba changu ndicho kilikuwa stoo: magunia ya ngano upande mmoja, kitanda cha kamba upande mwingine, na kwenye msumari ukutani ovaroli la Baba mdogo linalonuka dizeli. Mpaka leo nikipita karibu na kituo cha mafuta nasikia njaa, kwa sababu harufu ile iliingia nyumbani jioni pamoja na chakula. Alikuwa anafika kutoka mashamba makubwa ya ngano, alikovuta haro ya kuvunja mabonge kwa trekta, ananawa mpaka kwenye viwiko, maji yanakuwa meusi, ananawa tena, ndipo anakaa. Tulikula ugali na perege wa ziwani, siku nyingine mlenda, na maziwa mgando yaliyokuwa na ladha ya moshi wa kibuyu. Nilikulia milimani kwenye baridi na makande, sikuwahi kula samaki mbichi wa kuchemshwa siku tatu mfululizo, na barua yangu ya kwanza nyumbani nadhani ilihusu samaki peke yake.

Ukuta kati ya stoo na chumba chao haukufika kwenye bati, hivyo nilisikia yote bila kutaka. Nasema bila kutaka. Labda nilitaka kidogo. Jioni moja Baba mdogo aliacha tonge katikati ya sahani akaenda kulala jua bado liko juu. Nikamsikia Mama mdogo akimfuata na mtoto begani.

"Hujashiba. Una nini?"

"Nimepiga haro juu ya kobe."

"Juu ya nini?"

"Kobe. Mkubwa. Nilisikia kwa miguu, kama chungu kinavunjika."

"Ee Baba Martini, umenitisha! Nilidhani umegonga mtu." Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepona, kisha kikakatika katikati. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua, na kabla sijaelewa kwamba ni mwanaume analia, Mama mdogo alikuwa anasema polepole kwa lugha yetu, kama anavyomwambia Martini, haya, haya, imekwisha.

Wiki chache baadaye mvua za kwanza zilishuka, na Baba mdogo akaja nyumbani kichwa wazi. Kofia yake ya kazini aliibeba kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Ndani walikuwamo watoto watano wa kobe, kila mmoja kama kiazi kidogo cha mviringo, wa manjano na weusi, wakipandana. Aliwakuta kwenye kona ya shamba ambapo haro hugeuka, wametoka ardhini baada ya mvua. Hakuna anayejua kama walikuwa watoto wa yule aliyekufa. Kobe halei, akishataga anafukia na kuondoka. Nadhani nilimwambia hivyo, nikidhani namfariji. Akajibu, "Wa kwake au si wa kwake, nimewakuta kwenye njia yangu." Akawaweka mmoja mmoja sakafuni. Mmoja alikuwa na kibonyeo ubavuni, kama gamba lilibonyezwa likiwa bado laini. Huyo tulimwita Bonde siku ileile. "Watakaa hapa mpaka magamba yakauke yawe magumu," akasema. "Wakifika ngumi mbili ninawarudisha porini. Paulina, hawa nakukabidhi wewe. Mimi nashinda shambani." Sikuwahi kabla ya hapo kukabidhiwa kitu chenye uhai peke yangu. Hata Martini nilikabidhiwa kwa saa tu.

Kwa hiyo nilijenga, na nilijenga kitu pekee nilichokuwa najua kujenga: zizi. Nilikata matawi ya miiba, nikayapanga kwa duara, nikashindilia mwiba ndani ya mwiba mpaka mkono haupiti, nikaacha mlango wa gogo. Baba mdogo alilisukuma kwa kiatu akasema hata fisi haingii hapa. Nilifurahi sana. Kesho yake asubuhi akaja Udaweda na maziwa. Yeye alikuwa wa boma la Wadatoga ng'ambo ya shamba, umri wangu au mwaka mmoja zaidi, mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko na sketi ya ngozi iliyoshonwa shanga. Watu wetu waliwaita Mang'ati, jina ambalo wenyewe hawalipendi, na wao walituita Wambulu kwa sauti inayofanana na kutema mate. Akaweka kibuyu chini, akalizunguka zizi langu, akashika kiuno.

"Fisi nataka kula kobe?" akauliza.

"Haiwezekani?"

"Wewe Mmbulu, umejenga ya ng'ombe. Iko wapi ng'ombe?" Akacheka mpaka bangili zikalia. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa hivyo, na changu nacho kilikuwa na makosa yake; tulielewana kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye asiyejua.

Siku ya tatu kunguru alishuka. Nilikuwa namwogesha Martini hatua kumi kutoka pale. Alitua ndani ya zizi taratibu, kama mtu anayeingia dukani, akatazama huku na huku, akachagua, akaondoka na mmoja mdomoni. Nilipiga kelele na kata ya maji mkononi. Jioni Baba mdogo alisimama mbele ya miiba ile muda mrefu. Nilingoja anigombeze. Akasema, "Tumejenga zizi. Adui wa ng'ombe anakuja kwa miguu, hatukutazama juu." Alisema *tumejenga*, na yeye hakujenga. Kwa haki lazima niongeze kwamba Udaweda naye hakuwa ameona. Alicheka unene wa miiba. Habari ya juu hakusema. Alipoambiwa asubuhi alichungulia mbinguni, akasema tu, "Sisi wote ni watu wa ng'ombe."

La pili tulilijenga watu wanne, na nataka kila mmoja apate chake. Mawe yalikuwa wazo la Baba mdogo. Aliyaleta na trela siku ya mapumziko. Kuyazika nusu mkono ardhini lilikuwa la Udaweda, aliyesema kobe anachimba kama ana deni na ardhi. Yeye pia ndiye aliyekataa pale nilipopachagua, chini ya paa la jiko, penye kivuli kizuri cha ndama. Alitaka jua la asubuhi upande mmoja na kivuli upande mwingine, ili kila kobe ajichagulie. Wavu ulikuwa wa Mama mdogo. Nasisitiza hili kwa sababu ya yatakayofuata: ni yeye aliyefunga mtoto mgongoni, akatelemka ziwani, akawaomba wavuvi wavu uliochakaa, akarudi nao begani unanuka samaki, na kusema, "Kunguru akiweza kupita hapa, basi na perege wamedanganywa miaka yote." Tukautandaza juu ya mawe. Tukazika chungu kilichovunjika kwa ubavu, mdomo nje, kiwe pango lao mchana wa jua kali na baridi ikija. Mimi changu ni kipi? Nadhani ni kisahani cha maji, kifuniko cha debe, na hicho nacho nilikiweka kirefu mno. Mmoja akapinduka ndani miguu juu, na Udaweda akakijaza kokoto bila kusema neno, ambayo ilikuwa mbaya kuliko angesema.

Miezi iliyofuata nimeiandika kuliko miezi yote ya maisha yangu, na nikisoma sasa naona karibu kila siku nilikosea kitu na karibu kila siku nilikuwa na furaha. Niliwapa pumba zilizolowekwa, kama ndama anayeachishwa. Walibaki na midomo iliyoganda. "Huyu si ndama," alisema Udaweda, akawafuta kwa kidole na mate. Tukawapa nyasi, majani ya magugu ya ngano, maua ya njano yanayoota kando ya njia. Siku moja alileta mfupa wa ng'ombe uliokauka juani, mweupe kabisa, akauweka katikati. Mimi nikacheka, zamu yangu. Baada ya siku mbili niliwakuta wote wanne wameuzunguka, wanauguguna kama wazee kwenye chungu cha pombe. Udaweda hakucheka. Aliniangalia tu mpaka nikaomba radhi kwa mfupa.

Wavu uliinuliwa upande mmoja tu, na upande huo tulifunga kwa kamba ya katani kwenye jiwe kubwa. Fundo la Udaweda lilikuwa lile wanalomfungia ndama wakati wa kukamua: ndama akivuta, linakaza. Langu lilikuwa fundo la mzigo wa kuni. Alinifundisha lake mara nyingi, akichukua vidole vyangu kama vya mtoto. "Chini, zunguka, rudi, vuta." Sikulishika. Kila alipofunga yeye, nililifungua kwa meno, kisha nikarudishia langu.

Sasa nifike siku yenyewe. Udaweda alikuja na maziwa, akainua wavu, akawatupia majani, akafunga. Nilimwona akifunga. Kama saa nne hivi nilifungua kwa meno nitoe majani ya jana, na mdogo kuliko wote, ambaye hakuwahi kunikaribia, akaja akala jani kwenye kidole changu. Nilihisi mdomo wake. Ni kitu kidogo, najua, lakini nilikuwa na miaka kumi na minane na hakuna aliyekuwa amenichagua kwa lolote. Nikakimbilia ndani kuchukua daftari nikiandike kabla hakijapoa. Nikakaa kizingitini kuandika. Mstari bado upo, mwandiko umelala kwa haraka: *Leo mdogo amekula kwangu.* Katikati ya kuandika Mama mdogo akaita nikachukue samaki, nikaenda. Niliporudi nguchiro walikuwa wanatoka chini ya wavu, kundi zima, wakikimbia kwa mstari. Ndani ya chungu walibaki Bonde na mwingine mmoja. Mdogo hakuwepo.

Mama mdogo alikuja mbio, akaona wavu umekunjwa na kamba imelala. "Nani alifungua hapa?" Sikujibu. Najaribu kukumbuka kama nilikusudia kutojibu au ulimi ulikataa tu, na kwa uaminifu sijui. Akasema, "Ni yule Mang'ati. Si amekuja asubuhi? Anainua, anatupa majani, anaondoka kama ameacha kwao." Tusimhukumu Mama mdogo. Miaka ile kulikuwa na maneno mengi ya ng'ombe kati ya watu wetu na wao, si ya uongo yote wala si ya kweli yote, na aliniamini mimi kwa sababu nilikula kwenye sahani yake. Nami nikaingia stoo, nikafungua daftari, na chini ya mstari ule wa furaha nikaandika: *Udaweda ameacha wavu wazi. Wawili wameliwa.* Niliandika kana kwamba kuna mtu atakuja kukagua. Nadhani nilitaka niusome siku za mbele niuamini.

Kesho yake Udaweda alipofika na kibuyu, Mama mdogo alisimama mlangoni, akamwambia aliacha wavu wazi na nguchiro wamekula wawili, wala asimpokee. Kwao na kwetu pia, kumrudisha mtu na maziwa yake si jambo dogo; ni kumwambia kwamba hata ng'ombe wenu hatuwataki. Udaweda alinitazama mimi juu ya bega la Mama mdogo. Hakuuliza. Alingoja, kama anavyongoja mtu mwenye fundo mkononi anayetaka uweke kidole pale. Nikamtazama Martini.

Kichwani mwangu, kwa miaka yote hii, nilikaa kimya siku tatu. Daftari linasema tisa. Siku ya tisa, asubuhi kabla Baba mdogo hajaenda kazini, nilimfuata akiwa anafunga kamba za viatu, nikasema, "Baba mdogo, aliyefungua ni mimi. Yeye alifunga." Hakuinua kichwa haraka. "Mimi nilimkanyaga mkubwa mzima," akasema, "nikamwambia mke wangu siku ileile, nikapata usingizi. Wewe umelalaje?" Nikasema sijalala. "Basi usiniambie mimi. Mimi sikurudishwa na kibuyu mlangoni. Nenda kamwambie mwenyewe. Neno ni lako, ulipeleke." Kisha kwa sauti ya chini, "Mama mdogo wako nitamwambia mimi."

Nilivuka shamba la ngano mbio, umande mpaka magotini. Nilikuta boma la miiba limefunguliwa, samadi bado ina unyevu, majivu jikoni yana moto ndani. Wamehama. Nyasi upande ule zilikuwa zimekwisha na walikuwa wameswaga ng'ombe alfajiri kuelekea Gehandu. Nilisimama pale na neno langu mdomoni kama mtu aliyebeba sufuria ya moto asijue pa kuweka. Nikarudi. Siku hiyo daftari lina mistari miwili tu: *Nimefungua wavu kwa meno, fundo gumu sana. Bonde haonekani, labda amechimba.* Nilichimbua pembeni mwa mawe yote, sikumpata. Aliyebaki mmoja alifika ngumi mbili mwaka ulipokwisha, na Baba mdogo alimpeleka kwenye vichaka juu ya ziwa, mbali na haro yoyote. Nami nikarudi Masieda, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa, nikazeeka.

Basotu msibani nilikuta nyumba ina sakafu ya saruji na stoo yangu imekuwa chumba cha wajukuu. Mama mdogo, ambaye sasa hasikii vizuri, alinishika uso kwa mikono miwili akaniita kwa jina la mama yangu. Uani, nyuma ya jiko jipya, duara la mawe bado lipo. Wamepanda vitunguu ndani. Na kwenye mkeka wa akina mama alikaa mwanamke mrefu mwenye mvi, amejifunika shuka, mkono mmoja umejaa bangili za shaba. "Paulina wa Masieda," akasema bila kunyanyuka. "Umenenepa, Mmbulu." Kiswahili chake siku hizi kimenyooka kuliko changu. Nikakaa karibu naye. Tulimzika Baba mdogo kwanza. Nilisema moyoni nitangoja mpaka watu watawanyike, kisha nikajisikia ninavyosema hivyo, nikaijua sauti ile ya siku tisa.

"Udaweda, nina neno lako."

"La kobe?"

"Siku ile ulifunga wewe. Niliyefungua ni mimi, nikanyamaza."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Fundo langu nguchiro anaweza kulifungua? Wewe mwenyewe ulikuwa huwezi, ulikuwa unatumia meno kama fisi." Kisha akavuta shuka begani. "Siku nane nilitazama ile njia ya ngano. Nilikuwa nasema, leo atakuja. Mama yangu akasema, yule haji, ni Mmbulu. Mimi nikasema anakuja."

"Siku ya tisa nilikuja."

"Siku ya tisa tulihama."

Akina mama walikuwa wanagawa chai. Nikatoa daftari kwenye mkoba, nikamwambia kwamba niliandika humu juu yake, uongo. Yeye hakusoma shule. Akasema, "Soma." Nikasoma, sauti yangu ikiwa chini, *Udaweda ameacha wavu wazi*. Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia bei. "Endelea. Soma na mbele." Nikasoma mistari ile miwili ya siku ya tisa, fundo gumu, Bonde labda amechimba. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Ndipo akacheka, akajiziba mdomo kwa shuka, mabega yakaruka, mpaka wafiwa wawili wakageuka.

"Kobe amechimba," akasema akifuta macho, "akatoka, halafu akarudi kufunga mlango kwa nje. Kwa fundo la ndama!"

Niliangalia ukurasa ule. Miaka yote nimeusoma na sijawahi kuliona: siku tisa hakuja kwetu, na bado fundo lilikuwa lake.

"Nilimchukua mimi," akasema. "Alfajiri, wenzangu wanaswaga ng'ombe. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilitaka kuwabeba wote wawili, nikamkumbuka Baba Martini, nikamwachia mmoja. Sasa andika."

"Niandike nini?"

"Andika Udaweda alifunga. Chini yake andika Udaweda aliiba mmoja."

"Siwezi kuandika uliiba."

"Wewe uliweza kuandika nisilofanya. Sasa andika nililofanya."

Nikaandika, kwa kalamu ya Martini, juu ya goti langu, hivyo mwandiko si mzuri. Akataka nimsomee. Nikamsomea. Akaridhika.

Baada ya siku mbili nilikwenda naye Gehandu. Bonde alikuwa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, mpana kama beseni la kufulia, na wajukuu wa Udaweda walikuwa wanamruka kama jiwe la kawaida. Ana kibonyeo ubavuni, kimekua pamoja naye. Siwezi kuapa kwamba ni yeye. Magamba hubonyea kwa sababu nyingi. Lakini nilipiga magoti, nikaweka kiganja pale kwenye bonde, na kiganja kilienea. Kumbe ni jike. Udaweda alisema huwa anaondoka porini miezi mizima, anarudi mvua zikikaribia, na anataga nyuma ya zizi la ndama. Akanichukua mpaka huko. Kulikuwa na duara la mawe, yamezikwa nusu mkono, nusu juani nusu kivulini, chungu kilichovunjika kimelazwa ubavu, kifuniko cha debe kimejaa kokoto. Ndani walitambaa wanne, kila mmoja kama kiazi. Juu yake umetandazwa wavu wa samaki.

Gehandu hakuna ziwa. Nikauliza wavu umetoka wapi.

"Kwa mzee tuliyemzika. Kila ukichakaa alinitumia mwingine, zamani kwa trekta, siku hizi kwa pikipiki ya Martini."

"Alijua Bonde yuko hapa?"

"Nilimpelekea habari, akaja kumwona mwaka uleule."

"Hakuniambia! Nilikwenda kwake mara ngapi kabla sijazeeka?"

"Nilimwuliza, unamwambia Paulina? Akasema hapana, yule ana neno lako, akilileta atamwona kobe." Akainama, akainua wavu upande mmoja, akatupa majani, akaniachia kamba mkononi. "Funga wewe."

Nilipiga magoti mbele ya jiwe. Chini, zunguka, rudi, vuta. Vidole vyangu vina baridi yabisi sasa na nilianza upya mara mbili, naye alisimama juu yangu asinisaidie. Nilipomaliza aliinama, akaishika kamba, akaivuta kwa nguvu mara mbili, kama ndama anayemtaka mama yake. Fundo likakaza.